Mizani Peke Yake Haitoshi

Ufipa, mkoani Rukwa, haina njaa ya mahindi. Uwanda wake unatoa pia maharage na ulezi, na dagaa wanapanda kutoka Ziwa Tanganyika hadi masoko ya Sumbawanga. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Ghala kujaa ni jambo moja, mwili kukishika chakula ni jingine, na kwa mgonjwa wa saratani umbali kati ya mambo hayo mawili huwa mkubwa zaidi, kiasi kwamba hata mizani inaweza kuuficha.

Saratani humdhoofisha mtu kwa njia mbili. Uvimbe wa umio, ambao Afrika Mashariki inaujua vizuri mno, huanza kukwamisha ugali, ukafuata uji, mwisho hata maji hayapiti. Njia ya pili ni ya ndani: ugonjwa huuchochea mwili kuvunja misuli yake wenyewe, hata chakula kikiwapo. Wakati huohuo maji yanaweza kujaa tumboni au miguuni, yakafidia kilo zilizopotea, mgonjwa akasoma uzito uleule wa mwezi uliopita ilhali mapaja yamekwisha. Athari zake ni kubwa. Vipimo vya dawa nyingi za tibakemia hukadiriwa kwa urefu na uzito, na tafiti zimeonyesha kuwa wenye misuli michache huelekea kupata madhara makali zaidi ya dawa hizo. Ndiyo maana wataalamu wa lishe wa kimataifa walipokubaliana vigezo vya utapiamlo, waliuweka upungufu wa misuli sambamba na kupungua uzito.

Misuli hiyo inaweza kuonekana kwa ultrasaundi, mashine ileile inayompima mjamzito. Mgonjwa hulala chali, mguu umenyooka na kulegezwa. Mpimaji hutia alama mahali maalumu kati ya nyonga na goti, hupaka jeli ya kutosha, kisha huweka kipima bila kukandamiza, kwa kuwa mkono mzito huufanya msuli uonekane mwembamba kuliko ulivyo. Kwenye skrini, msuli wenye afya ni mweusi-mweusi. Ulioingiwa na mafuta na nyuzi hung’aa weupe. Unene wake husomwa kwa milimita, bila mionzi na bila sindano.

Wapo watakaouliza kwa nini tusitumie utepe wa kupima mkono, ambao ni rahisi na hauhitaji umeme. Tuutumie, ila tukumbuke kwamba utepe huzunguka ngozi, mafuta, maji na msuli kwa pamoja. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hakuna kiwango kimoja kilichokubalika cha kusema msuli huu ni mwembamba mno, na kwamba wapimaji wawili wanaweza kupata majibu tofauti. Ni kweli, ndiyo sababu kipimo hiki hakifai kutoa hukumu kwa siku moja. Nguvu yake iko katika kumlinganisha mgonjwa na nafsi yake, mahali palepale pa paja, kwa utaratibu uleule.

Hoja hiyo ina uzito wa pekee Rukwa. Mgonjwa anayehitaji mionzi anaweza kupelekwa hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Akipimwa mara ya kwanza huko, hakuna anayejua ameondoka nyumbani na misuli kiasi gani. Kipimo cha Sumbawanga, kikiandikwa kwenye barua ya rufaa pamoja na mahali kilipochukuliwa, kingempa daktari wa huko pa kuanzia, na kingewaambia ndugu mapema kwamba uji wa ulezi uongezewe maziwa, karanga au dagaa wa kusaga kabla ya safari. Kipimo kisichofuatwa na chakula ni picha tu. Lakini chakula kinachongoja mizani ishuke mara nyingi huja kwa kuchelewa.