Picha chafu zimepanda hadi Magamba: mwalimu afanye nini?

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulisema pembeni kwa kunong'ona, na mbele ya watoto tukajifanya halipo. Nazungumzia picha za ngono na vijana wetu wa shule. Najua wapo watakaosema kwamba redio si mahali pa mambo hayo. Nawaomba wavute subira wanisikilize hadi mwisho, maana watoto wenyewe hawakungoja ruhusa yetu.

Wazazi wengi wa Dar es Salaam na Tanga wanaamini kwamba dawa ya maovu ya mjini ni kumpeleka mtoto shule ya bweni ya mbali, mahali penye baridi na utulivu. Ndiyo maana wengine huwapeleka Lushoto. Ukipanda kutoka Mombo, ukapita Soni, ukafika Lushoto mjini na kuendelea juu hadi Magamba, unakuta ukungu, msitu mkubwa wa hifadhi na mashamba ya kabichi na viazi. Unajiambia kwamba hapa mwanangu atasalimika.

Nilipokuwa Magamba hivi karibuni nilizungumza na mwalimu mmoja wa sekondari aliyefundisha katika milima hiyo kwa miaka mingi. Nilipomtajia imani hiyo ya wazazi wa mjini alicheka. "Mzee wangu," akasema, "kabichi zetu zinahitaji lori kufika Kariakoo. Haya mambo kutoka huko kuja huku hayahitaji lori." Simu ni marufuku shuleni, lakini mtoto akirudi kutoka likizo anakuja na kadi ndogo ya kuhifadhia picha ndani ya soksi. Mwenzake anayetoka nyumbani kila siku ana simu. Usiku, chini ya blanketi, kadi na simu hukutana.

Wale wenye umri wangu wanakumbuka hali ilivyokuwa. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Kijana aliyetaka kuona mkanda wa ngono alihitaji deki ya video, televisheni, umeme na nyumba isiyo na mtu mzima. Hata Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 iliandikwa wakati sinema ilikuwa ni ukumbi wenye mlango, na mlangoni unaweza kumweka mtu wa kuuliza umri. Blanketi halina bawabu. Kwa hiyo kazi iliyokuwa ikifanywa na mlango sasa lazima ifanywe na akili ya mtoto mwenyewe, na akili hiyo sharti mtu aifundishe.

Kwanza tuelewe picha hizi zinafundisha nini, maana zinafundisha. Kijana ambaye hajaambiwa lolote na mtu mzima anazitazama kama kitabu cha kiada. Anajifunza kwamba mwanamke hakatai kamwe, au akikataa hamaanishi. Anajifunza kwamba kuumiza ni sehemu ya mapenzi. Haoni mtu akiomba ridhaa. Haoni mimba, kisonono wala Ukimwi. Haoni hofu, haya wala upendo. Kijana wa kiume anajilinganisha na mwigizaji na kujiona ana kasoro, na msichana naye anadhani hayo ndiyo yanayotazamiwa kwake.

Mwalimu yule alinisimulia kisa cha shule moja ambayo sitaitaja. Mvulana alimwomba msichana wa kidato cha tatu ampigie picha akiwa hana nguo. Msichana alisita. Mvulana akamwambia kila mtu anafanya hivyo, na kwamba ataifuta. Ikafika mwisho wa wiki, picha imeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Wavulana walioisambaza walichapwa viboko vinne, ambavyo ndivyo ukomo kwa kanuni za 2002, wakarudi darasani. Msichana aliambiwa akamlete mzazi. Alikwenda, na hakurudi tena shuleni. "Hapo," mwalimu akaniuliza, "tulifundisha nini?"

Nami nawauliza wasikilizaji swali hilohilo. Wavulana walijifunza kwamba gharama ya kumharibia mwenzao maisha ni maumivu ya dakika tano. Wasichana wote walijifunza kwamba likiwafika la kuwafika, wasimwambie mwalimu. Hili la kunyamaza si dogo. Mwaka 2022 ECPAT, INTERPOL na UNICEF walitoa ripoti juu ya watoto wa Tanzania wanaodhulumiwa kingono kupitia mitandao, na ilionyesha wazi kwamba ni wachache mno wanaofikisha habari polisi au kwenye simu ya msaada.

Wapo wanaosema kuzungumza mambo haya darasani ni kuwafungua watoto macho, na kwamba si desturi yetu. Kuhusu desturi, tusisahau jando na unyago. Katika makabila mengi ya mkoa wa Tanga na ya pwani nzima, kijana hakuachwa aokoteze. Palikuwa na wakati maalumu, palikuwa na kungwi au somo anayejulikana, na jamii ilijua nani kamfundisha nani. Sisemi kila kilichofundishwa mle kilikuwa chema. Nasema wazee wetu hawakuona haya kufundisha. Sisi tumemwondoa kungwi, na nafasi yake tumeiacha wazi.

Sasa mwalimu afanye nini?

Jambo la kwanza ni maneno. Lushoto ina desturi ndefu ya elimu maalumu. Iko shule ya wasioona Irente, na hapo Magamba penyewe kilifunguliwa mwaka 2007 chuo kikuu kishiriki kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, kikajulikana kwa kuandaa walimu wa elimu maalumu. Mwalimu wa mtoto kiziwi au mwenye ulemavu wa akili hawezi kufundisha kwa mafumbo. Lazima ataje kiungo kwa jina lake, aeleze nani anaruhusiwa kukigusa na nani haruhusiwi, arudie hatua kwa hatua bila kucheka wala kukunja uso. Walimu wote wangeiga hapo. Mtoto asiye na neno la kutaja kiungo chake hawezi kueleza kilichompata.

Jambo la pili, mwalimu asiulize nani amewahi kutazama, wala asionyeshe picha yoyote. Aweke sanduku darasani, kila mwanafunzi aandike swali bila jina, hata asiye na swali aandike "sina", ili asijulikane aliyeuliza. Wiki inayofuata ajibu. Maswali mengine yatamtoa jasho. Asiyejua jibu aahidi kulitafuta na alilete.

Jambo la tatu, awafundishe kuihoji picha. Watoto wetu wametazama filamu za karate kwenye vibanda umiza tangu wadogo, na hakuna anayeruka kutoka ghorofani, kwa sababu wanajua ni maigizo. Na hizi nazo zinaigizwa, zinakatwa na kuunganishwa, na kuna anayelipwa na anayepata faida. Wengine waliomo walilazimishwa au kurekodiwa bila kujua. Vijana waulizwe: Nani ameitengeneza, kwa fedha ya nani? Nini kimefichwa? Angekuwa dada yako je? Huko Boston, Marekani, mtafiti Emily Rothman na wenzake walibuni masomo ya namna hii kwa vijana kuanzia 2016, na mwongozo wa UNESCO wa elimu ya jinsia uliorekebishwa 2018 nao unataka vijana waelezwe kwamba picha hizo hazionyeshi uhusiano wa kweli. Si wageni tu. Desemba 2013 mawaziri wa elimu na afya wa nchi za Afrika Mashariki na Kusini, Tanzania ikiwemo, waliahidi huko Cape Town kuwapa vijana elimu hiyo.

Jambo la nne ni sheria. Wanafunzi waambiwe kwamba kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza picha za ngono, na za watoto zina kifungu chake peke yake. Anayepeleka mbele picha ya mwenzake wa kidato cha tatu hachezi. Anatenda kosa la jinai.

Jambo la tano, na la mwisho, aliyeonewa apokelewe kama aliyeonewa. Shule iwe na mwalimu wa kiume na wa kike wanaojulikana kwa kutunza siri. Lipo dawati la jinsia na watoto polisi, na ipo namba 116 ya simu kwa mtoto, ambayo hailipiwi.

Mzazi wa mjini naye asijitoe. Safari hii utakapokwenda kwenye kikao cha wazazi, baada ya kuuliza ada na matokeo, simama umuulize mkuu wa shule: picha ya mtoto wa kike ikisambazwa hapa, mtamfanya nini yeye, na mtawafanya nini waliosambaza? Jibu lake litakuambia kama umemficha mwanao mahali salama au umemficha mbali tu.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu huo sasa unaingia kwenye soksi. Kwa leo naishia hapa.