Kabla yadi haijajengwa, hewa ipimwe

MJI wa mpakani ukianza kupanuka, ardhi ya kando ya barabara ndiyo hutangulia kuuzwa. Leo ni shamba la mahindi, kesho ni yadi ya malori, ghala la saruji au tanuri la kuyeyusha vyuma chakavu. Wafanyabiashara wa jirani huuliza kodi ya kibanda itapanda kiasi gani na wateja watapita wapi. Swali la hewa huja mwisho, au haliji kabisa.

Gharama ya kuchelewa kuuliza inajulikana Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa wenye wakazi wapatao 3,000. Mwaka 2009, Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira, ingawa tanuri lilikuwa tayari linawaka. Tathmini ilipoonyesha kuwa wakazi wako hatarini, aliondolewa kwenye kazi hiyo. Baadaye mwanawe mdogo alipimwa na kukutwa na risasi katika damu.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya. Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hata hivyo, fedha hazitoi risasi iliyokwisha kudhuru ubongo wa mtoto. Ndiyo maana tathmini hutakiwa kufanyika kabla ya ujenzi.

Tathmini nzuri ya hewa huanza kwa kupima hali ilivyo sasa, msimu wa mvua na wa kiangazi. Mwelekeo wa upepo nao huangaliwa. Pwani, vipimo vya wiki moja wakati wa kusi haviwezi kueleza moshi utaelekea wapi kaskazi ikivuma. Kisha huhesabiwa malori yatakayoingia kwa siku, jenereta zitakazowashwa na vumbi litakalotimuka. Mwisho huulizwa ni nani atakayevuta hewa hiyo: wanafunzi, wagonjwa wa zahanati, au mama lishe na wauza nguo wanaokaa kando ya barabara kutwa nzima.

Wachuuzi hao wana sababu ya kujali. Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 2012. Chembe zilizo hatari zaidi ni zile zisizozidi mikromita 2.5, ambazo 30 hivi zikipangwa pamoja ndipo zinaufikia upana wa unywele. Huingia ndani kabisa ya mapafu na kupenya hadi kwenye damu, zikichangia pumu, kiharusi na maradhi ya moyo. Tangu 2021, shirika hilo linashauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa.

Moshi hauonyeshi pasipoti. Yadi ikijengwa upande mmoja wa mpaka, soko la upande wa pili nalo huvuta moshi wake. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika ibara ya 111, unazitaka nchi wanachama kupeana taarifa mapema na kushauriana kuhusu shughuli zinazoweza kuathiri mazingira ya jirani.

Sheria za Tanzania, Kenya na Uganda zinatoa nafasi ya wananchi kusikilizwa kabla ya mradi mkubwa kupewa kibali. Tanzania msimamizi ni taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Kenya na Uganda ni NEMA ya kila nchi. Chama cha wafanyabiashara wa soko kinaweza kuomba kuiona ripoti, kutoa maoni kwa maandishi na kuuliza maswali manne: Hewa ilipimwa lini? Ilipimwa wapi? Soko letu lilihesabiwa? Nani ataendelea kupima baada ya mradi kuanza?

Majibu yakikosekana, wakati wa kusema ni huo, kabla ya lori la kwanza la kokoto kumwaga mzigo.