Maji ya Mto Tana: Aliye Juu Asimsahau Aliye Chini



Mama anapomenya kamba wa kitoweo, ni nadra kukumbuka kwamba kamba huyo amelelewa na mto. Ghuba ya Ungwana imekuwa mashuhuri kwa kamba kwa sababu mito ya Tana na Sabaki humwaga humo maji matamu na rutuba ya bara, na mikoko ya Kipini huwahifadhi kamba wangali wachanga. Mto ukipungukiwa, bahari nayo hupungukiwa, na sufuria zetu zikajua.

Kwa hiyo wiki hii tumeona tuzungumzie mabwawa yaliyo mbali na macho yetu, ila hayako mbali na riziki yetu.

Mto Tana hutoka katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukasafiri takriban kilomita 1,000 hadi baharini. Njiani umejengewa mabwawa matano ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga ndilo ghala la yote. Lilijengwa liweke maji yapatayo mita za ujazo bilioni 1.5, ili mitambo ipate kuzunguka hata wakati wa kiangazi.

Kabla ya hapo mto ulikuwa na ada yake. Ulifurika mara mbili kwa mwaka, masika na vuli. Maji yalitambaa mabondeni, perege na kambale wakataga katika nyasi zilizofunikwa, Wapokomo wakapanda mpunga na Waorma wakapata malisho ya ng'ombe. Misitu ya kandokando ilichipua upya. Ndimo wanamoishi mbega wekundu wa Tana na mangabei wa Tana, aina mbili za kima wasiopatikana porini popote pengine duniani. Mabwawa yamezipunguza zile furika za wastani zenye manufaa. Gharika kubwa hayawezi kuizuia, kwa kuwa bwawa likijaa halina budi kumwaga, kama ilivyoonekana mwaka 2018. Basi mkaazi wa delta hupata kiu mwaka mmoja na maangamizi mwaka mwingine. Mto unapodhoofika, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini yakaharibu mashamba ya mpunga.

Je, maji ya mabwawa yanaweza kuongezwa ili samaki na wanyama nao wapate fungu lao? Njia zipo, na kila moja ina faida na gharama zake.

Njia ya kwanza ni kuinua kima cha bwawa. Umewahi kuwepo mpango wa kukiinua kima cha Masinga kwa mita 1.5. Ghala litapanuka, lakini ardhi ya jirani itazama. Isitoshe, ghala kubwa halimlishi mwenye njaa ikiwa mlango wake haufunguliwi.

Njia ya pili ni kujenga bwawa jipya. Pendekezo la High Grand Falls, chini ya Kiambere, ni la bwawa kubwa kupita Masinga mara kadhaa. Hapa pana jambo la kuzingatia. Mito kama Mutonga na Kathita, itokayo Mlima Kenya, huingia Tana chini ya Kiambere, na ndiyo inayouletea mto sehemu ya furika zilizobaki. Bwawa hilo likijengwa bila sharti la kuachia maji, hata hicho kidogo kitafungwa.

Njia ya tatu ni kuuzuia udongo. Kila mvua ikinyesha juu ya mashamba ya miteremko isiyo na matuta, udongo huteremka ukatuama bwawani na kuikalia nafasi ya maji. Kuuchimbua ni gharama kubwa mno. Kuuzuia ni nafuu. Tangu mwaka 2015 upo Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, unaowasaidia wakulima kuchimba matuta, kupanda majani kandokando ya mito na kuvuna maji ya mvua. Mkulima hubaki na rutuba yake, na bwawa hubaki na nafasi yake.

Njia ya nne haihitaji ukuta mpya. Ni kuachia maji kwa nyakati zinazofanana na ada ya mto, yaani furika ndogo iliyopangwa, na watu wakapewa habari mapema. Huko Mauritania, katika delta ya mto Senegal, bwawa la Diama lilikamilika mwaka 1986 na mabonde yakakauka. Mwaka 1991 ikaanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Diawling, na tangu 1994 maji yakawa yanaachiwa mabondeni kwa mpango. Samaki na ndege walirudi. Zikarudi pia nyasi ambazo akina mama Waislamu wa huko huzisuka mikeka wakauza.

Kwetu sisi fikra hii si ngeni. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alitoa hukumu juu ya mabonde mawili ya Madina, Mahzur na Mudhaynib. Aliye juu azuie maji mpaka yafike vifundo vya miguu, kisha amwachie aliye chini yake. Hakunyimwa haki yake wa juu, bali haki hiyo iliwekewa mpaka. Na wanazuoni wa fiqhi wameitanguliza haki ya kunywa, ya mtu na ya mnyama, mbele ya haki ya kumwagilia shamba. Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2016 nayo inatambua akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa kuhifadhi viumbe wa majini. Mizani hizi mbili zinakutana.

Tunavyoona sisi, basi, njia ya tatu na ya nne zitangulie, na hakuna ukuta utakaoinuliwa au kujengwa kabla fungu la walio chini halijaandikwa na kulindwa.

Lakini tusiwe wa kulalamika tu. Sehemu ya umeme unaowasha taa zetu hutoka katika mabwawa hayo hayo. Kwa mnasaba huo, sisi nasi tumo miongoni mwa walio juu. Taa iwakayo chumba kitupu na mfereji uachwao wazi wakati wa udhu ni israfu, nasi tumekatazwa israfu. Na inapoitishwa mikutano ya maoni ya umma kuhusu mto huu, akina mama wahudhurie, kwa maana wao ndio wateka maji na wapika samaki. Waulize swali moja: furika ya masika itaachiwa lini, na kwa kiasi gani?

Kambale hana ulimi wa kudai, na kima hana wakili. Tumepewa amana sisi, na tutaulizwa sisi.

Mwenyezi Mungu atujaalie mvua yenye manufaa, na atuepushe na ubahili wa maji. Amin.