Goma: Moshi wa pikipiki unakula pia umeme wa jua

Wakaaji wa Goma wenye paneli za jua juu ya nyumba wanajua vizuri adui wawili: mawingu na vumbi ya volkano. Kuna adui wa tatu asiyesemwa sana, naye ni moshi wa barabarani na wa jikoni.

Moshi unapunguza umeme kwa njia mbili. Chembe zake ndogo zinabaki hewani na kuzuia sehemu ya mwangaza. Kisha zinashuka na kushikamana na kioo cha paneli, zaidi wakati wa kiangazi.

Mwaka 2020, korona ilipofungia watu nyumbani na magari yakasimama mjini Delhi, India, watafiti walipima mwangaza unaofikia paneli. Mwishoni mwa mwezi wa tatu uliongezeka karibu asilimia 8. Delhi ni kati ya miji yenye hewa chafu zaidi duniani, kwa hiyo Goma haiwezi kutarajia faida sawa. Tena, Nyiragongo itaendelea kutoa gesi yake. Lakini kwa jamaa yenye paneli moja ndogo ya taa na simu, hata hasara ndogo inaonekana usiku.

Pikipiki za umeme

Jirani, mjini Kigali, tangu mwezi wa kwanza 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria zinapaswa kuwa za umeme. Motari hangoji betri ijae: anaacha iliyoisha kituoni na kuchukua iliyojaa.

Goma ina umeme usio na moshi: maji ya Matebe, huko Rutshuru, ambako kituo kilizinduliwa 2015, na kituo cha jua cha kampuni Nuru mtaani Ndosho, chenye megawati 1,3, tangu 2020. Betri zikijazwa mchana, jua likiwa kali, kituo cha namna hiyo kinapata mteja saa ambazo taa za nyumbani zimezimwa. Zikijazwa kwa jenereta ya mazutu, moshi umehama tu.

Pikipiki peke yake hazitoshi. Makala bado yanapikia nyumba nyingi, na kila jiko la umeme linalochukua nafasi yake linapunguza moshi uleule.

Kwa sasa, osha paneli asubuhi mapema kwa maji safi na kitambaa laini. Vumbi ya volkano usiisugue ikiwa kavu, maana inakwaruza kioo.