Paka Mzazi Akikosa Maziwa ya Kutosha

Paka akizaa, nyumba nzima hufurahi siku moja, na kesho yake husahauliwa. Watoto wa nyumbani hukimbia kuwatazama wale wadogo waliofumba macho, mama mwenye nyumba huwahesabu, kisha kila mtu hurudi kwenye kazi yake. Paka, twasema, anayajua mambo yake mwenyewe. Mara nyingi ni kweli. Lakini wako wanaozaa na maziwa yao ni haba, na hapo ndipo tunaposikia usiku kucha kile kilio chembamba nyuma ya ghala. Siku ya tatu mmoja amekufa, siku ya nne wawili. Watu husema: walizaliwa dhaifu. Yawezekana. Lakini mara nyingi walikuwa na njaa tu, na kabla ya njaa walikuwa na baridi.

Hatuna haja ya kuwaeleza wasomaji wetu kazi ya paka. Kila anayeweka mahindi na maharagwe ndani ya nyumba anaijua hasara ya panya. Huko Ituri, ambako tauni haijang'olewa kabisa, panya ni jambo la kuogopwa zaidi. Na paka wa huko mwenyewe aweza kuupata ugonjwa huo kwa kula panya, kwa hiyo paka aliye na homa na uvimbe shingoni asishikwe na watoto. Basi paka mzazi mwenye watoto wanne au watano ni mali ya nyumbani, nayo yafaa kuangaliwa kama tunavyomwangalia mbuzi aliyezaa.

Kwanza tujue kama kweli maziwa ni haba. Mtoto wa paka aliyezaliwa leo ana uzito wa gramu 90 hadi 110 hivi. Akinyonya vizuri huongezeka gramu 10 hadi 15 kila siku, na baada ya siku 7 hadi 10 uzito wake umekuwa maradufu. Kama kuna mizani ndogo ya jikoni nyumbani, au jirani mwuza duka akikubali kuwaazima ya kwake, hii ni kazi nzuri ya mwanafunzi: aandike katika daftari rangi ya kila mtoto na uzito wake kila asubuhi, saa ile ile. Asiyeongezeka siku nzima anahitaji msaada. Anayepungua anahitaji msaada leo, si kesho. Pasipo mizani tutumie macho na masikio. Aliyeshiba ana tumbo la mviringo, na hulala kimya amejibana na wenzake. Mwenye njaa hulia bila kikomo, huzungusha kichwa akitafuta chuchu, na tumbo lake limebonyea. Ukiivuta polepole ngozi ya shingo yake nayo ikachelewa kurudi mahali pake, amekosa maji mwilini. Yule aliyeacha kulia na kulala peke yake mbali na wenzake ndiye aliye hatarini kuliko wote, ingawa ndiye asiyetusumbua.

Wengi wakiona hivyo humnyang'anya mama watoto wote ili wawalishe wenyewe. Hili ni kosa kubwa. Maziwa huja kwa kunyonywa: kadiri chuchu zinavyovutwa, ndivyo mwili wa mama unavyoamriwa kutengeneza mengine. Ukiwaondoa watoto, maziwa machache yaliyokuwapo nayo yatakauka. Watoto wabaki kwake, nasi tuongeze kile kinachopungua. Paka kwa kawaida ana chuchu nane, lakini si zote zina maziwa sawa, na watoto wenye nguvu huzishika zile nzuri tangu siku za kwanza. Basi mara kadha kwa siku tumtangulize yule mdogo kwenye chuchu nzuri, na wale wanene wangoje kidogo ndani ya kikapu. Watalalamika, lakini hawatadhurika.

Halafu tumlishe mama. Paka anayenyonyesha, hasa juma la tatu na la nne, huhitaji chakula mara mbili, hata mara tatu ya kile cha siku zote. Apewe kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Na hapa lazima tuseme wazi juu ya ugali. Nyumba nyingi humpa paka ugali uliolowekwa katika mchuzi, zikidhani panya watamjaza. Paka si mbwa. Mwili wake umeumbwa kula nyama, na kuna kitu kiitwacho taurini ambacho hawezi kukitengeneza vya kutosha mwenyewe wala kukipata katika nafaka. Mwaka 1975 wataalamu walionyesha kwamba paka akikikosa macho yake huharibika. Mwaka 1987 ikajulikana kwamba moyo wake pia hulegea. Jike anayekikosa huzaa watoto wafu au wembamba. Hakuna haja ya kununua nyama ya bei kubwa: vichwa na matumbo ya samaki yaliyopikwa, moyo na maini kidogo ya kuku, yai lililochemshwa, na hasa wale samaki wadogo wa maziwa yetu makuu, ndagala wa Tanganyika na sambaza wa Kivu. (Sambaza, tukumbushe vijana, ni ndagala hao hao waliochukuliwa kutoka Tanganyika na kutiwa katika ziwa Kivu kati ya mwaka 1958 na 1960, ndiyo maana wazee wa Bukavu hukumbuka ziwa lisilo na sambaza.) Wakiwa wakavu, wachemshwe hata wawe laini, na wenye chumvi nyingi wasitumiwe. Tena maji safi yawe karibu naye mchana na usiku. Maziwa yote hutengenezwa kwa maji, na mama mwenye watoto hapendi kwenda mbali kuyatafuta.

Utulivu nao ni chakula. Paka mwenye hofu hayaachilii maziwa yake, hata kama yamo. Mbwa akinusa mlangoni, au watoto wakija na rafiki zao kumtazama kila saa, atawahamisha wadogo wake, na katika kuhama huko wengine hupotea. Sanduku la karatasi nene katika pembe ya giza, kitambaa safi ndani yake, na mtu mmoja tu wa kumhudumia: hayo yatosha.

Lakini ikiwa mama hali, ana homa, au anatoka usaha wenye harufu mbaya, hapo ni ugonjwa, wala si chakula kitakachomponya. Ziwa lililo gumu, jekundu, la moto, lenye kutoa maziwa ya rangi ya damu au usaha, limeshikwa na uvimbe. Akianza kutetemeka na kukakamaa miguu, chokaa ya damu yake imeshuka, naye aweza kufa katika saa chache. Apelekwe upesi kwa mganga wa mifugo. Tafadhali, mtu asimpe paka vidonge vya watu vya kutuliza maumivu. Parasetamoli, ambayo kila nyumba inayo, ni sumu kwa paka, na kidonge kimoja chaweza kumwua.

Sasa tuje kwa wadogo wenyewe. Maziwa ya siku ya kwanza yana kinga ya magonjwa, na utumbo wa mtoto huipokea kwa muda wa saa 16 hadi 24 tu tangu kuzaliwa. Hata mama akiwa na matone machache, yale matone kila mmoja ayapate. Hakuna kopo liwezalo kushika mahali pake.

Baada ya hapo, joto kabla ya chakula. Neno hili twaomba lisisahauliwe hata kama mengine yote yatasahauliwa. Mtoto mchanga wa paka hawezi kujipasha moto. Hukopa joto la mama na la ndugu zake. Akiwa baridi tumbo lake halifanyi kazi, na maziwa tunayomtia hulala humo yakachacha, au huingia mapafuni. Usiku wa Butembo au Bukavu si mchezo, wala ule wa Lubumbashi mwezi wa Juni na Julai. Juma la kwanza kiota kiwe na joto la nyuzi 30 hivi. Chupa iliyojazwa maji ya moto, ikafungwa katika kitambaa kinene na kuwekwa upande mmoja wa sanduku, yafanya kazi nzuri. Upande wa pili ubaki bila chupa, ili anayeona joto limezidi ajivute. Aliyekwisha kupoa ashikwe kifuani, ndani ya nguo, kwa saa nzima ikihitajika. Asiwekwe karibu na makaa.

Maziwa gani? Yaliyo bora ni ya unga, yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, ambayo huuzwa katika miji mikubwa. Asiyeyapata asikate tamaa. Maziwa ya ng'ombe peke yake ni mepesi mno: yana protini gramu 3 na kidogo katika kila gramu 100, na ya paka yapita maradufu ya hayo. Wengine hukimbilia maziwa ya unga ya watoto wachanga wa watu. Hayafai, maana yameigwa maziwa ya mwanamke, ambayo yana protini kidogo hata kuliko ya ng'ombe. Maziwa ya kopo yenye sukari yataleta kuhara. Kwa siku chache za shida tuchukue theluthi ya kikombe, yaani mililita 80, ya maziwa yenye siagi yake yote, yaliyochemshwa na kupoa. Tutie kiini kimoja cha yai bichi lililo safi, bila ule ute mweupe, kijiko cha chai cha mafuta ya kula, na chembe ya chumvi. Tukoroge na kuchuja. Yasiyotumika siku hiyo yamwagwe, na pasipo barafu yasingoje hata saa mbili.

Hapa msomaji atauliza, naye ana haki: je, tuwape paka maziwa na mayai, na watoto wetu hawayaoni mezani? Jibu letu ni fupi. Mtoto wa binadamu atangulie. Penye kikombe kimoja tu na mtoto mgonjwa, kikombe ni chake. Lakini tuhesabu pia. Mtoto wa paka wa gramu 100 hunywa kama mililita 20 kwa siku nzima ikiwa mama hana tone. Wanne wao hawazidi ule mchanganyiko tuliouandika, na mama akiwa na nusu ya maziwa, wao wahitaji nusu tu. Mwenye kuku wawili na ghala la mahindi atajua la kufanya.

Namna ya kulisha ndiyo huua au huokoa. Tunawe mikono. Maziwa yawe na uvuguvugu wa mwili. Tone moja juu ya kifundo cha mkono lisichome wala lisiwe baridi. Tutumie bomba dogo la sindano, jipya, lisilo na sindano yake. Mtoto alale kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama. Asilazwe chali kama mtoto wa mtu, atapaliwa. Tone moja, ameze, tone la pili. Yakitokea puani, tusimame mara moja. Wakati mmoja asipewe zaidi ya mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito wake, nayo ni pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Juma la kwanza, asiyepata kitu kwa mama alishwe kila saa mbili au tatu, hata usiku. Juma la pili kila saa tatu au nne. Anayenyonya kidogo aongezewe baada ya kunyonya, kamwe si kabla, asije akaliacha ziwa kwa kushiba.

Jambo moja husahauliwa na wengi: mdogo huyu hawezi kukojoa wala kunya mwenyewe mpaka juma la tatu hivi. Mama humlamba. Asipofanya hivyo, tumpanguse polepole chini ya mkia kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kila baada ya chakula, hata atoe.

Viroboto nao tuwatazame, kwani wakiwa wengi huwamaliza watoto damu. Waondolewe kwa kitana chenye meno ya karibu, na vitambaa vya kiota vifuliwe kwa maji ya moto. Dawa ya kuua wadudu wa nyumba, mafuta ya taa, na ile ya mbwa yenye permetrini visikaribie paka hata kidogo.

Ikiwa jirani ana paka aliyezaa siku hizo hizo na watoto wake ni wachache, huenda ndiye msaada mkubwa kuliko wote. Paka hukubali upesi watoto wa mwingine. Wasuguliwe kwanza kwa kitambaa cha kiota chake wapate harufu yake, kisha waingizwe kati ya wake akiwa amelala. Ila wasipelekwe ikiwa mama yao ni mgonjwa, maana ugonjwa utahama pamoja nao.

Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Juma la nne wadogo huanza kulamba sahani: samaki aliyepondwa katika maji ya uvuguvugu, kidogo, mara nyingi. Wasigawiwe kwa majirani kabla ya majuma manane, hata wakiombwa kwa maneno matamu. Na mama mwenyewe afungiwe ndani usiku katika miezi hiyo, kwani aweza kushika mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha.