TAMAA NA LENGO HAVIKO KITU KIMOJA



Kila mwezi wa tisa tunasikia maneno yale yale katika kila darasa: "Mwaka huu nitajikaza! Mwaka huu nitapata pointi mingi!" Kisha periodi ya kwanza inakwisha, buletini zinakuja, na biki nyekundu imepita mule. Juu ya nini? Ni kwa sababu tulikuwa na tamaa tu, hatukuwa na lengo.

Nitaeleza kwa mfano wangu mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita niliandika karatasi na kuibandika karibu na kitanda: NITAKUWA WA KWANZA. Kila asubuhi nilikuwa naisoma na kufurahi. Katika matematiki nikapata 38 kwa 100. Mama yangu hajui Kifaransa, lakini rangi nyekundu anaijua. Mwaka ule alilipa minervali kwa unga wa mihogo aliouuza sokoni, kipimo kwa kipimo. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mwanangu, kila mangaribi ulikuwa unafanya nini?" Nikakosa jibu.

Mama akienda shambani hasemi, "Nitavuna magunia kumi." Anasema, "Leo nitalima mistari mitano mbele jua halijawa kali." Magunia yanangojea mvua na udongo. Mistari mitano iko mikononi mwake.

Basi lengo zuri linajibu maulizo manne:

1. Nitafanya nini?
2. Kiasi gani?
3. Saa gani?
4. Kizuizi kikija, nitafanya namna gani?

Lengo langu likawa hivi: "Kila siku saa moja ya mangaribi, mazoezi 3 ya matematiki mbele ya kufungua kaye nyingine. Umeme ukikatika, nitayafanya asubuhi mbele ya kengele. Zoezi likinishinda, kesho yake nitauliza."

Periodi ya pili nikapata 47. Nyekundu tena! Nikatazama kaye yangu vizuri, nikaona kosa: nilikuwa nachagua mazoezi yale ninayoyajua. Sikutupa lengo, nililitengeneza. Katika mazoezi matatu, moja liwe lile lililonishinda jana. Kwenye mtihani nikapata 56. Sikuwa wa kwanza hata kidogo. Lakini buletini ile Mama aliiweka katika sanduku la vitenge vyake.

Wenye elimu nao walichunguza jambo hili. Edwin Locke na Gary Latham walitoa kitabu juu yake mwaka 1990. Walionyesha kwamba mtu mwenye lengo la wazi na lenye kumtaka nguvu anatenda zaidi kuliko yule anayeambiwa tu "fanya uwezavyo".

Mambo ya nje ya darasa pia iko vile vile. "Nitaacha uvivu" haina mkono wala mguu. Sema: "Kengele ya kwanza ikilia, miguu yangu iko chini." Jambo hilo unaweza kulihesabu: juma hili nimeweza siku 4 kwa 7.

Na sisi finalisti? Examen d'État inachukua siku 4, tena dissertation inaandikwa mbele ya siku zile. Asiyefikisha 50% hapati diploma. Kusema "nitapata diploma" haitoshi. Sema: "Kila siku ya posho nitaandika dissertation moja, na mwenzangu ataisahihisha."

Hapa ninawaomba kitu kimoja. Leo usiku kata karatasi moja ya kaye. Andika lengo moja tu la masomo na moja la mwenendo wako. Mwonyeshe rafiki asiyeogopa kukuambia kweli. Kila siku ya posho mketi pamoja, mhesabu. Likishindikana, musione haya. Tazameni ni ulizo gani katika yale manne lilikosa jibu.

Siku moja nyumbani wataniuliza tena, "Kila mangaribi unafanya nini?" Sasa ninalo jibu. Nawe utajibu nini?

Ni mimi kapita wenu,
mwanafunzi wa mwaka wa mwisho