Nchi Iliyoshushwa Forodhani

Waholanzi walipotia nanga Morisi mwaka 1598 hawakumkuta mtu wa kumsalimu. Palikuwa na msitu uliojaa miti ya mbao nyeusi, kobe wakubwa, na dodo, ndege mzito asiyeruka ambaye hakuwa na sababu ya kumwogopa binadamu. Kijiji hapakuwa, shamba hapakuwa, kaburi hapakuwa. Hapo ndipo ilipo faida ya kisiwa hiki kwa mtu anayetaka kuelewa biashara ya dunia. Kwingineko, ukitaka kujua soko la mbali limeifanyia nini nchi, itakubidi kwanza utenganishe kilicholetwa na kilichokuwapo. Morisi hakuna kazi hiyo. Watu, muwa, lugha, dini na sarafu vyote vilishuka melini.

Kwa Waholanzi wenyewe hatutakaa sana. Walileta muwa kutoka Java, wakakata mbao nyeusi mpaka wakachoka, na wakaondoka moja kwa moja mwaka 1710. Dodo alikwisha toweka. Wafaransa waliofuata walikuwa na hesabu nyingine: meli zao ziendazo India zilihitaji mahali pa kutengenezwa na kujazwa maji na chakula. Gavana La Bourdonnais, aliyefika mwaka 1735, akaijenga Port Louis iwe bandari ya kazi hiyo. Bandari inataka wabebaji, maseremala, wapasua mawe na wakulima wa kuwalisha wote hao, na kisiwani hapakuwa na hata mmoja. Walinunuliwa. Wengi walitoka Madagaska, ambayo wazee wetu waliiita Bukini, na Msumbiji. Wengine walitoka pwani yetu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice, alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kwa kichwa. Biashara ya utumwa ya Kilwa mara nyingi tunaisimulia kana kwamba njia zake zote zilielekea Unguja na Uarabuni. Sehemu yake ilielekea kusini-mashariki, kwenye kisiwa cha Wafaransa. Kufikia mwisho wa karne ya 18, katika kila watu kumi wa Morisi takriban wanane walikuwa watumwa.

Watu hao hawakuwa na lugha moja. Mmakua wa Msumbiji hakuelewana na mtu wa Bukini, na wote wawili hawakuelewana na fundi aliyetoka India Kusini. Kifaransa walichokisikia kilikuwa cha mabaharia na wasimamizi, nacho kilisikika kwa amri na matusi. Hakuna aliyefundishwa kukisoma. Ndiyo maana katika Kikrioli cha Morisi, lugha iliyozaliwa hapo, maneno yameungana na viambishi vyake vya Kifaransa kama yalivyoingia sikioni: nyumba ni lakaz, maji ni dilo, meza ni latab. Mtu aliyejifunza kwa kitabu angeona mahali pa kukata. Aliyejifunza kwa sikio hakuwa na sababu ya kukata.

Sarufi nayo iligeuka. Kitenzi hakibadiliki kufuata mtendaji. Wakati unaonyeshwa na kijineno kinachokitangulia. Mo pe manze, ninakula. Mo ti manze, nilikula. Mo pou manze, nitakula. Msomaji wa Kiswahili atashawishika kudai kwamba huo ni mkono wa Kibantu, akikumbuka -na-, -li- na -ta-. Polepole. Vijineno hivyo vinaweza kufuatiliwa hadi kwenye Kifaransa cha watu wa kawaida wa enzi ile, na wataalamu wamebishana kwa miongo mingi, wengine wakivuta upande wa Ufaransa, wengine upande wa Afrika. Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zimeshika kipande cha ukweli: malighafi ni ya Ufaransa, lakini walioamua kipi kibaki na kipi kitupwe walikuwa watu ambao kwao Kifaransa kilikuwa lugha ya mwingine.

Waingereza waliiteka Morisi mwaka 1810, na mkataba wa Paris wa 1814 ukawathibitishia umiliki. Waliahidi kuziacha sheria, dini na desturi za wakazi, na kwa sehemu kubwa walitimiza. Ni vigumu kuwasifu kwa hilo, kwani walichokitaka ni bandari isiwe mikononi mwa Wafaransa. Badiliko kubwa lilikuja kimyakimya mwaka 1825. Mpaka hapo sukari ya Morisi ilipoingia Uingereza ilitozwa ushuru mkubwa kuliko sukari ya visiwa vya Karibi. Mwaka huo London ikasawazisha viwango.

Hakuna vita wala uasi uliobadilisha kisiwa kile kama mstari huo mmoja katika orodha ya forodha. Zamani wenye mashamba walijaribu kila kitu: kahawa, pamba, viungo. Miche ya karafuu iliyopelekwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 ilitoka huko, Morisi au Réunion ya jirani. Baada ya 1825 mazao hayo yaliachwa. Misitu ilifyekwa, mawe ya volkano yakakusanywa chungu chungu katikati ya mashamba, na muwa ukajaa kuanzia ufukweni hadi vilimani.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1835, utumwa ukapigwa marufuku. Watu wapatao 66,000 waliachwa huru, japo kwanza walifungwa katika kipindi cha uanagenzi kilichofutwa mwaka 1839. Wenye mashamba walilipwa fidia ya takriban pauni milioni mbili. Waliofanyishwa kazi hawakulipwa kitu. Wengi wao walilipa kisogo shamba la muwa, wakaenda pwani kuvua au mjini kutafuta ufundi. Basi mwenye shamba akawa na fedha mkononi, soko London, na muwa usio na mkataji.

Akageukia India. Hata kabla marufuku hiyo haijaanza, Novemba 1834, meli iitwayo Atlas ilishusha vibarua 36, na milango ikafunguka. Hadi uhamiaji huo ulipokoma mwanzoni mwa karne ya 20, watu wapatao 450,000 walikuwa wamepitia Port Louis, kwenye ngazi za mawe za kituo kinachoitwa sasa Aapravasi Ghat. Walifungwa kwa mikataba, mara nyingi ya miaka mitano. Aliyekosa kazi siku moja alikatwa mshahara wa siku mbili. Wengine walirudi kwao mikataba ilipokwisha, ila wengi walibaki, na sababu moja ya kubaki ni kanuni ambayo wenye mashamba hawakuipenda: serikali ya India ilidai meli zibebe pia kiwango fulani cha wanawake. Mashamba yalitaka mikono tu. Kanuni hiyo ikaleta familia. Sensa ya 1861 ilionyesha kwamba watu wenye asili ya India walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi. Chini ya miaka thelathini ilitosha kukipa kisiwa watu wengine.

Baadaye bei ya sukari iliposhuka, Ulaya ikilima kiazisukari chake, na Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869 na kuzipeleka meli njia nyingine, matajiri walianza kuuza vipande vya pembeni vya mashamba yao. Wanunuzi walikuwa vibarua wa zamani waliokuwa wamedunduliza senti kwa senti. Kutoka kwa wakulima hao wadogo walitoka walimu, mawakili na wanasiasa, na hatimaye Seewoosagur Ramgoolam, waziri mkuu aliyeiongoza nchi kwenye uhuru tarehe 12 Machi 1968.

Sasa kuna fumbo. Ikiwa wengi walitoka India, mbona Morisi haizungumzi Kibhojpuri, lugha ya wengi wao? Jibu moja ni kwamba India haikushuka kwa pamoja. Walikuja Wabihari, Watamil, Watelugu, Wamarathi na wafanyabiashara wa Gujarati, meli baada ya meli kwa miaka themanini, na kila kundi lilipofika lilikuta dukani na barabarani kuna lugha tayari. Mchina mwenye duka la kijijini naye alijifunza hiyo hiyo, kwani mteja hangoji. Waliotangulia walikuwa wameshaweka msingi, hata kama walikuwa wameshapitwa kwa hesabu. Kibhojpuri kiliishi muda mrefu vijijini, maadamu kijiji na shamba la muwa vilikuwa kitu kimoja. Vijana walipoanza kupanda mabasi kwenda viwandani, kikaanza kunyauka: sensa ya 2000 ilikuta takriban asilimia 12 ya watu wanakizungumza nyumbani, na ya 2011 ikakuta kama asilimia 5.

Hivyo mtoto wa leo anaongea Kikrioli nyumbani, anasoma gazeti la Kifaransa, na anajibu mtihani kwa Kiingereza. Kikrioli kiliingia rasmi katika shule za msingi mwaka 2012, kama somo la hiari, baada ya watu kama mwandishi Dev Virahsawmy kutumia maisha yao kuthibitisha kwamba kinaweza kubeba tamthilia na ushairi. Lugha ambayo kila mtu anaielewa ndiyo iliyosubiri zaidi kufunguliwa mlango wa darasa. Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangaa sana.

Turudi kwenye uchumi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili malaria ilidhibitiwa, watoto wakapona, na idadi ya watu ikapanda kwa kasi. Mwaka 1961 mwanauchumi James Meade, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel, alitoa ripoti yenye kukatisha tamaa: watu wengi, zao moja, kazi hakuna. Hesabu yake haikuwa ya kijinga. Ila hakuweza kuona maamuzi ya forodha ambayo yangefanywa nje ya kisiwa.

La kwanza lilikuja na Mkataba wa Lomé wa 1975, uliowapa Wamorisi haki ya kuiuzia Ulaya takriban tani 500,000 za sukari kila mwaka kwa bei maalumu, mara nyingi kubwa kuliko bei ya soko la dunia. La pili lilikuwa mfumo wa migao ya nguo. Nchi tajiri ziliwawekea Hong Kong na wenzake kikomo cha nguo za kuuza, na wenye viwanda wa huko wakatafuta nchi ambayo mgao wake haujatumika. Morisi ilikuwa imepitisha sheria ya viwanda vya kuuza nje mwaka 1970, na Wachina wake walikuwa na mawasiliano Hong Kong. Faida ya sukari na mtaji wa wageni vikakutana kwenye cherehani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukosefu wa kazi ulikuwa umekaribia kwisha, na wengi wa walioajiriwa viwandani walikuwa wanawake. Watu hupenda kuuita muujiza. Serikali ilifanya kazi yake vizuri, sikatai, lakini mnunuzi wa sukari wa Ulaya alilipa sehemu ya muujiza huo bila kujua.

Migao ya nguo ilikoma mwanzoni mwa 2005, na upendeleo wa sukari ukakoma mwaka 2009. Viwanda vingi vilifungwa au kuhamia Madagaska, na nchi ikaegemea hoteli, benki na huduma za kampuni za nje. Kizazi cha watoto wengi alichokiogopa Meade sasa ni wazee. Mwanamke wa Morisi huzaa kwa wastani chini ya watoto wawili, na viwanda vilivyobaki vinakosa mafundi. Kwa hiyo vinaajiri kutoka Bangladesh, India, Nepal na Madagaska. Wafanyakazi hao huja kwa mikataba ya miaka michache, hulala katika mabweni ya kampuni, na kwa kawaida huja bila mume, mke wala mtoto. Wengi hujifunza Kikrioli cha kiwandani na cha dukani, kisha mkataba ukiisha wanapanda ndege.